Sauti ya Pili Katika Gari la Asali

Sina ugomvi na besi. Naomba hilo lieleweke mapema, maana hapa Tabora nimeshapachikwa sifa ya kuwa yule mama asiyependa muziki, na ni uzushi mtupu. Ngoma ikilia vizuri mabega yangu hayatulii. Ninachokataa ni gari langu, ambalo kazi yake ni kubeba ndoo za asali, kutikisika mpaka vioo huku aliyemo ndani haambulii hata neno moja linaloimbwa.

Mambo yalianza na masikio ya baba. La kulia lilizima kabisa miaka michache iliyopita. La kushoto nalo likaanza kufifia, na daktari aliyelipima alituambia bila kuzunguka kwamba litamfuata mwenzake. Hakusema lini. Baba alimshukuru, akavaa kofia yake, na tulipofika nje akaniuliza kama ile kaseti ya kwaya bado ipo.

Ilikuwepo. Baba alifundisha kwaya ya parokia karibu maisha yake yote, na mama aliimba humo, sauti ya pili. Siku moja mtu aliweka redio juu ya benchi la kanisa akarekodi mazoezi, na hiyo ndiyo sauti pekee ya mama tuliyobaki nayo, kwa sababu alifariki kabla sisi hatujajua kurekodi mambo kwenye simu. Niliipeleka kaseti mjini, nyimbo zikahamishiwa kwenye flashi. Baba hakutaka makuu. Alitaka amsikie mkewe kabla sikio lililobaki halijafunga mlango.

Ungedhani ni jambo jepesi. Chomeka flashi kwenye redio, mzee asikilize, basi. Lakini nyumbani kwetu Itetemia kuna wajukuu, kuna kuku, kuna jirani anayechomelea vyuma tangu asubuhi, na mvua ikigonga bati hata wenye masikio mawili tunaongea kwa ishara. Kifaa cha kuvaa sikioni alichopewa kilimpigia filimbi, akakifungia kabatini. Vile vya simu vya kuchomeka masikioni alivikataa kwa hoja kwamba mtu mwenye sikio moja halizibi. Palibaki mahali pamoja penye utulivu, ndani ya gari langu, vioo vimepandishwa, kila Jumamosi tunapokwenda Bukene. Mimi hununua asali huko kwa wafugaji wa nyuki, yeye huangalia shamba na kaburi la mama.

Kwa asiyeimba kwaya, nieleze kidogo. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, hiyo hata kipofu wa muziki anaisikia. Ya tatu na ya nne ni wanaume, nao hawajawahi kuwa na shida ya kusikika. Sauti ya pili ni wale wanawake wa katikati wanaoushikilia wimbo usibomoke, na hakuna anayewataja mpaka wakosee. Mama alikuwa huko, na alikosea mahali pamoja, siku zote. Katika wimbo wetu wa mavuno, mwisho wa ubeti wa tatu, kuna noti ndefu ya kushikilia, na mama akifika hapo alishuka. Kidogo tu. Baba aliisikia hata kanisa likiwa limejaa mpaka mlangoni.

Jumapili mchana kwetu ilikuwa ni kesi hiyo. Ugali uko mezani, sisi watoto tumeshanawa, baba anaanza. "Mayu, leo umeshuka tena." Alimwita mayu, yaani mama, kama tulivyomwita sisi. Mama naye, bila kuinua macho kwenye bakuli la mboga, anamjibu, "Mimi sikushuka. Ni ninyi wote mliopanda." Utoto wangu nimeula ugali wa baridi kwa sababu ya noti moja.

Sasa fundi, maana redio ya gari ilihitaji spika nzuri. Fundi wangu wa redio za magari ni Mzaramo. Alikuja Tabora zamani akimfuata mwanamke, akabaki, na kibanda chake cha mabati kiko karibu na stendi. Mimi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Utani huo walituachia wale waliokuwa wakibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, na sheria yake kubwa ni kwamba mtani hakasirikiwi. Akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, unacheka. Ukinuna, mkosaji ni wewe, na ndugu zako wenyewe watakushangaa. Jaribu kutengenezewa gari na mtu wa namna hiyo.

Ningeweza kwenda kwa wengine, na nilikwenda. Wote walikuwa na ugonjwa uleule, tofauti ni kwamba hao hawakunichekesha. Tena huyu alikuwa anamjua mama. Siku tulipomzika yeye ndiye aliyejifunga kanga ya marehemu, kama ilivyo kazi ya mtani msibani, akasimama katikati ya waombolezaji akaigiza mama anavyoimba. Akaivuta ile noti, akaishusha, akaishusha, mpaka tukadhani atalala chini. Baba alikuwa hajanena neno tangu alfajiri. Alicheka mpaka akatafuta leso. Kwa hiyo niliamini kwamba nikimwambia mtu huyu ninatafuta sauti gani, hatanisumbua.

Alinielewa vizuri kabisa. Kisha akafanya anavyojua yeye.

Alishinda na gari kutwa nzima. Aliweka spika kubwa kwenye milango yote minne, na vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, twita, akavibandika juu ya dashibodi, kimoja kila upande. Kwenye buti, mahali pa ndoo zangu, akapachika sabufa, boksi la besi lenye ukubwa wa kabati la vyombo. Nilipoliona ilibidi niegemee gari.

"Mtani, na asali yangu nitaiweka wapi?"

"Kichwani," akasema. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa miguu, wala hawakulia. Wewe una gari, unalilia ndoo?"

"Na babu zenu walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanawapokea kwa ngoma."

"Ndiyo maana masikio yenu yamebaki na ngoma tu."

Alicheka akajipiga paja. Halafu akafanya kile ambacho mafundi wote wa mji huu wanakifanya, na ambacho hata leo nikikikumbuka damu inanichemka. Alifungua milango yote na buti, akawasha redio, akavuka barabara. Akasimama ng'ambo, karibu na mama muuza chapati, mikono kiunoni, akasikiliza kutoka kule. Mama chapati akatikisa kichwa kuonyesha amekubali. Fundi akaninyooshea dole gumba.

Hivyo ndivyo wanavyopima kazi. Gari likisikika mpaka ng'ambo, kazi imekwisha, lete lingine. Hakuna anayeingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitini kama atakavyokaa mwenye gari. Nilimwuliza kama baba yangu atakuwa anasikilizia kwa mama chapati. Akanijibu kwamba mzee mwenye gari la namna hii anasikika kabla hajafika, watu wanampisha.

Jumamosi tukaondoka, ndoo zangu zimebanana kwenye kiti cha mbele. Baba alikaa anapokaa siku zote, kiti cha nyuma upande wa kulia, mgongoni kwangu. Nikaweka wimbo wa mavuno. Sauti ya nne, ambayo ninavyoikumbuka ilikuwa ni wazee wachache wenye vikohozi, ikageuka jeshi. Kava la mlango likawa linatetema. Sauti ya kwanza ilitoka kwenye dashibodi ikinichoma mimi usoni. Ya pili haikuwepo kabisa. Nilimtazama baba kwenye kioo mpaka ubeti wa mwisho.

"Ni wimbo mzuri," akasema.

Nilitaka kulia. Baba yangu hajawahi kusema wimbo wowote ni mzuri. Katika miaka yake yote ya kufundisha, wimbo ulikuwa ama umepanda, ama umeshuka, ama mmeukimbiza kama mnafukuzwa. Akikwambia ni mzuri, ujue hakusikia kitu na anakuonea huruma.

Nikarudi kwa fundi kumwambia mzee hasikii. Alipokea habari hiyo kama mpishi aliyeambiwa chakula hakitoshi, akaongeza. Akaleta mashine kubwa zaidi ya kukuza sauti, akaifunga chini ya kiti, akavuka barabara, mama chapati akakubali. Jumamosi hiyo tulipoingia Bukene mwanamke mmoja alitoka mbio nje ya nyumba yake akidhani sisi ni gari la matangazo, akataka kujua mkutano unaanza saa ngapi. Nilimwambia hakuna mkutano. Akanitazama vibaya, kama vile nimemficha. Nyuma yangu baba akasema tena kwamba wimbo ni mzuri, safari hii kwa upole zaidi, na upole huo ndio ulionitia hofu.

Nilirudi tena. Mara akaunganisha nyaya za mlango mmoja kinyumenyume, spika moja ikawa inavuta wakati mwenzake anasukuma, na kwaya nzima ikasikika kana kwamba imejifunika blanketi. Eti hapo ndipo muziki unapanuka. Mara akapandisha zile sauti nyembamba mpaka kila "s" ya waimbaji ikawa nyoka. Na kila nikija, ndoo yoyote aliyoikuta garini aliifungua, akachota asali kwa kidole chenye grisi, akalamba. Haki ya mtani. Nami nilicheka, meno yameumana. Wakati huohuo nyumbani baba alianza kunijibu maswali ambayo sikuwa nimemwuliza. Nikimkaribisha chai, ananiambia kuku wameshaingia. Nilikuwa nalala nikiisikiliza ile kauli ya daktari.

Safari iliyofuata nilimchukua mzee mwenyewe nikaenda naye kibandani. Fundi alimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee wangu," akaielekeza kwenye sikio lililokufa. Baba aliona midomo tu, akaitikia, "Marahaba." Fundi akazunguka gari, akakuna kichwa, kisha akatoa ushauri wake.

"Dada, mzee ahamie upande wa kushoto. Au mbele, karibu na twita."

Nikampelekea baba ujumbe kwenye sikio linalofanya kazi. Alikataa papo hapo.

"Sauti ya pili walisimama mkono wangu wa kushoto miaka yote," akasema. "Nikihamia kushoto, wao watasimama wapi? Nje ya gari?"

Hapo kila kitu kilinijia kwa mkupuo, na badala ya kufurahi nilizidi kukasirika. Mzee anakaa kulia ili kushoto kwake pabaki nafasi ya kwaya. Sikio lake zima liko kushoto, linatazama katikati ya gari. Sasa spika iliyo karibu naye kuliko zote iko kwenye mlango wa kulia, inapiga kelele kwenye sikio lisilosikia. Twita zinaimbia kioo cha mbele. Sabufa iko mgongoni inamtikisa mbavu. Na huyu mtani wangu nilishamwambia sikio zima ni lipi, tena si mara moja. Alikuwa anaitikia "sawa, sawa" kidole kikiwa ndani ya ndoo.

Lakini utani una pande mbili. Akiweza kuchukua, na wewe unaweza. Nilimpokonya bisibisi, nikamkamata mkono, nikamwingiza garini kwenye kiti cha baba, nikamziba sikio la kulia kwa donge la pamba, nikabamiza mlango. Mlango ule una kifungo cha kuzuia watoto, haufunguki kwa ndani.

"Mtani," nikamwambia kupitia kioo, "leo wewe ni mateka wa Unyanyembe, nchi ya babu zangu. Hutoki humo mpaka umsikie mama."

Mafundi wa vibanda vya jirani walikuja kutazama. Mama chapati akaacha chapati. Baba alisimama ameegemea fimbo yake, akacheka kimyakimya. Mimi nikaketi kwenye usukani, nikafunga vioo vyote, nikaweka wimbo wa mavuno. Mwanzoni mateka wangu alitikisa kichwa kufuata besi, kama mwenye nyumba. Ubeti wa kwanza ulipokwisha akaacha kutikisa. Wa pili akaanza kugeuza shingo huku na huku.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Na mimi hicho ndicho ninachokuuliza tangu tuanze!"

"Zima besi kwanza. Zima hii ya mlangoni kwangu, inanizibia."

Tukaanza upya, yeye akiwa kitini, mimi nikishika vitufe. Adhana ilipoanza aliomba ruhusa ya kwenda kuswali. Nikamfungulia, nikijua fika kwamba anayo nafasi ya kutoroka na kwamba angepata hadithi ya kunicheka mwaka mzima. Alirudi. Akachukua ile pamba kwenye dashibodi, akajiziba mwenyewe, akaingia.

Sabufa iling'olewa. Boksi hilo nililibeba mimi, kichwani, kutoka kwenye buti mpaka ndani ya kibanda, ili aone Mnyamwezi anavyobeba. Spika ya mlango wa nyuma kulia ilinyamazishwa. Ile ya kushoto tuliiacha, akajaza vipande vya godoro kuukuu ndani ya mlango ili kava lisitetemeke. Twita ya kushoto aliibandua kwenye dashibodi, akaipachika kwenye nguzo iliyo katikati ya milango ya kushoto, akaielekeza ng'ambo, pale kichwa cha baba kinapokuwa. Besi tukaishusha karibu yote. Sauti za katikati, ambako wanaimba akina mama, tukazipandisha kidogokidogo. Alipomaliza, mama chapati akapaza sauti kutoka ng'ambo kwamba redio imeharibika, hasikii kitu. Nikajua tumekaribia.

"Yumo," fundi akasema mwishoni, bila utani. "Lakini mzee atamsikia? Hilo sijui."

Wala mimi sikujua. Jumamosi nilifunga ndoo kwa magunia zisigongane, nikaondoka na baba, na njia nzima ya lami sikuweka kitu. Nilikuwa naogopa. Nilimwona kwenye kioo anatazama mashamba ya watu, mdomo umefungwa, na nikaanza kuwaza namna nitakavyoipokea ile "ni wimbo mzuri" kwa mara ya mwisho, kwa sababu nilishaamua kwamba akiisema tena sitarudi kwa fundi, nitaitoa flashi na kuiweka kabatini pamoja na kile kifaa cha filimbi.

Tulipoiacha lami nikaegesha pembeni, nikazima injini. Joto likatuvaa mara moja. Nikabonyeza.

Wazee wa sauti ya nne walikuwa wamerudi kuwa wazee. Sauti ya kwanza ilikuwa mbali kidogo, mahali pake. Ubeti wa kwanza baba hakufanya lolote. Wa pili, mkono wake wa kulia ukaanza kwenda juu na chini gotini, lakini mkono huo hupiga mapigo ya wimbo hata kukiwa kimya, sikutaka kujidanganya. Kisha ubeti wa tatu ukafika mwisho, ile noti ikaanza kuvutwa, na nikamsikia mama. Sauti yenye mkwaruzo kidogo, karibu kabisa, kama yuko kwenye kiti cha kushoto na ana haraka ya kurudi jikoni. Akaishikilia noti. Akaishikilia. Ikaanza kuteleza.

Kiti changu kikapigwa kofi kwa nyuma.

"Anashuka!" baba akafoka. "Mayu, unashuka!"

Nilizima redio kwa mshtuko. Kwenye kioo uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, hasira ileile ya Jumapili, na macho yamejaa maji. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama anayesubiri ajibiwe.

"Sasa hivi atasema ni sisi tuliopanda," akaniambia.

Niligeuka kitini, nikamwinamia. Kisha nikamwuliza, kwenye sikio, kama wimbo ni mzuri.

"Mzuri wapi?" akasema. "Rudisha."